Pesa ni za mayatima, mbona zimezikwa pamoja na nyanya yao?

Walezi wenzangu wa Kisumu, Siaya, Vihiga na kokote mliko, leo nina hasira na siwezi kuimeza. Ni mara ya tano tangu Februari natoka ile ofisi ya pesa za serikali za mayatima, na mara ya tano narudi nyumbani na bahasha yangu ya karatasi vilevile nilivyoenda nayo.

Kaka yangu alifariki, mkewe akamfuata, wakaacha watoto watatu. Mama yangu akawachukua kule kijijini, akaandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia nyumba maskini kwa pesa, upande ule wa mayatima. Shilingi 2,000 kwa mwezi, zilikuwa zikilipwa miezi miwili kwa pamoja, kwa hivyo 4,000 zikija kwa wakati. Mara nyingi hazikuja kwa wakati. Zikifika, Mama alianza na deni la duka, kisha gorogoro za mahindi, kisha omena, na kikibaki kitu kinaenda kwa madaftari. Hakuwahi kunywa hata chai ya hotelini kwa pesa hizo, na hilo nitaapa mbele ya yeyote.

Januari tukamzika. Watoto, waliokuwa wakimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, wako kwangu sasa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, chumba kimoja na wangu wawili. Mimi nauza mitumba soko la Kibuye. Siku ambayo mvua inanyesha mchana kutwa, hakuna mauzo, na watu sita wanataka kula.

Pesa zikakoma. Nikaenda kuuliza. Afisa akaangalia kompyuta yake, akaniambia, "Mama, mnufaika ameshafariki."

Nikamwambia, mnufaika hajafariki. Mnufaika yuko gredi ya sita. Mwingine yuko gredi ya tatu, na mkubwa wao yuko kidato cha tatu. Aliyefariki ni mlezi. Akaniambia niende kwa chifu. Chifu wa huku mjini akasema watoto waliandikishwa kule kijijini, niende kwa chifu wa kule. Wa kule akasema watoto hawaishi tena kwake, atasainije? Nikarudi ofisini, wakataka cheti cha kifo. Nikakipata, nikarudi, mtandao umepotea. Nikarudi tena, yule anayeshughulikia kubadilisha walezi yuko semina. Leo nimeambiwa nisubiri uhakiki wa nyumba kwa nyumba. Utafanyika lini? "Tutawaarifu kupitia baraza." Baraza la wapi, la kijijini ambako hatuishi?

Nauli ya safari hizo, pamoja na siku nilizofunga kibanda, nimehesabu jana usiku. Imepita malipo ya mwezi mzima ninayoyatafuta.

Ninachotaka tuelewane ni hiki. Mpango huu wa mayatima ulianza 2004, na msingi wake ulikuwa mtoto aliyefiwa au ambaye mzazi wake ni mgonjwa wa muda mrefu, mtoto wa nyumba maskini, chini ya miaka 18. Mtoto ndiye sababu ya pesa. Lakini kwenye daftari la serikali mtoto hana uzito. Kinachohesabiwa ni kitambulisho cha mtu mzima. Kitambulisho kikizikwa, watoto nao wanazikwa, hata kama wameketi kwenye benchi ya ofisi wakiwa na sare za shule. Niliwaleta siku ya tatu. Waliketi pale kuanzia asubuhi mpaka saa saba.

Na tusisahau walezi wa mayatima wengi wetu huku ni nani. Ni akina nyanya. Ukanda huu wa ziwa ukimwi ulitufagilia ndugu zetu, wazee wakabaki na wajukuu. Sasa mtu atengeneze mpango wa mayatima wanaolelewa na wazee, halafu mzee akifariki ashtuke kana kwamba ni jambo ambalo halikutarajiwa! Fomu ya kubadilisha mlezi ipo, wao wenyewe wamenionyesha. Basi kwa nini kila mtu anaitazama kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni?

Kitu cha pili kinachoniuma: hizo 2,000 ni za nyumba, si za mtoto. Watu wengi hawajui hili, wanafikiri ukilea watatu unapata mara tatu. Hapana. Jirani yetu kijijini analea mmoja, anapata 2,000. Mama yangu alilea watatu, 2,000. Kuna bibi mwingine ana sita, 2,000. Gawanya: watatu ni kama shilingi 22 kwa kila mtoto kwa siku, wale sita ni 11. Shilingi 11 hainunui hata andazi na chai. Na kiwango hiki hakijaguswa kwa zaidi ya miaka kumi, huku mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200.

Wala msiniambie kuhesabu mtoto mmoja mmoja hakuwezekani, kwa sababu kumefanywa hapa hapa Kisumu. Kuanzia 2021 serikali na UNICEF na wenzao walijaribu posho ya watoto wote katika sehemu za Kisumu, Embu na Kajiado: shilingi 800 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu, bila kuuliza nani ni maskini kuliko nani. Kila mtoto na zake. Mwaka ukaisha, majaribio yakaisha. Kwa hesabu ile, watatu wangekuwa 2,400, zaidi ya anazopewa bibi mwenye sita.

Huyu mkubwa wetu anafikisha miaka 18 Septemba. Akifikisha, kwa kanuni zao hahesabiwi tena. Kila wiki wanayoniambia "subiri" inakatwa kwake, na hakuna atakayemrudishia. Katiba, kifungu cha 43, inasema serikali itawapa msaada watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Niliitaja pale ofisini. Yule kijana akacheka, akaniambia, "Mama, hapa si mahakamani." Sijasahau kile kicheko, na sitakisahau.

Usiku mdogo wao, ambaye huniita Waya, yaani shangazi, aliniuliza, "Waya, Dani alikuwa anawaambia nini ndiyo wampe?" Anafikiri nyanya yake alikuwa na maneno fulani ambayo mimi siyajui.

Kwa hivyo naomba, aliyewahi kubadilisha mlezi baada ya kifo, hasa kama watoto walihama eneo, aniambie alifanyaje. Ni chifu gani alisaini, wa walikotoka watoto au wa waliko sasa? Ulienda na barua ya shule? Vyeti vya kuzaliwa walitaka vya asili au nakala? Na ile miezi iliyopita katikati, walikulipa au waliifuta? Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale tena, na safari hii sitoki bila jibu la maandishi lenye muhuri.