Nani anakuja Wete na sindano yake?

*Kikundi: UKOO WA WETE 🌿*

*Jumatano usiku*

Shangazi Rukia: Assalaam alaykum wanangu. Shule zinafungwa, boti zinajaa. Nani keshakata tiketi ya Pemba na nani bado anasubiri mshahara?

Da Salma (Maskati): Waalaykum salaam Shangazi. Mie na watoto tunatua Unguja tarehe 14 inshallah, Pemba siku ya pili yake. Begi moja zima ni nyuzi na vitambaa.

Ami Faki: Begi zima? Unakuja likizo au unakuja kufungua duka?

Da Salma (Maskati): Nakuja kupumzika Ami. Na mie hupumzika nikiwa na sindano mkononi.

Ami Faki: Mtu hupumzika na dafu.

Mwanakheri Mombasa: 😂😂 Dafu lanywewa dakika tano Ami. Siku ilobaki tuifanyeni?

Asha Dar: Nauliza kabla sijafunga mizigo. Cherehani nije nacho au nisije nacho?

Shangazi Rukia: Asha! Chuma kile! Atakipandisha nani kwenye boti, Hamza?

Hamza: Mgongo wangu nauhitaji siku ya harusi, samahanini.

Da Salma (Maskati): Bwana harusi asiguswe jamani.

Asha Dar: Basi nakiacha, ila mjue mnaniacha mpweke. Nyumbani ndicho kinachonituliza. Watoto wakilala nafunga mlango wa sebuleni, nawasha taa ya pembeni, namwaga mabaki yangu ya vitenge sakafuni naanza kupatanisha rangi. Siku nyingine hata sishoni, napanga vipande tu navipangua. Nikija kuangalia saa, ni saa sita. Juzi jirani wa chini kagonga dari kwa fagio 🙈

Mwanakheri Mombasa: Asha mamangu, kabla hujakiacha nisaidie. Changu chatoa mashada ya uzi chini ya kitambaa. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nimeitoa, nimeisafisha, nimeirudisha, wapi!

Asha Dar: Mashada yakiwa chini, kosa litafute juu. Nyanyua ule mguu unaokandamiza kitambaa, chomoa uzi wa juu wote, upitishe upya tangu mwanzo mguu ukiwa umenyanyuka. Ukiwa umeshuka, vile visahani vinavyobana uzi vimefumba, uzi unapita juu juu tu bila kubanwa. Ndiyo maana unalegea, unajazana kule chini, na wewe unaisingizia bobini.

Mwanakheri Mombasa: Ngoja.

Mwanakheri Mombasa: 📷 Picha

Mwanakheri Mombasa: Wallahi uzi umetulia!! Na fundi wa huku mtaani alitaka akifungue chote hadi mota. Mungu akuweke.

Simu ya Bibi: Naandika mimi Zuwena, Bibi anasema mimi naandika, msije mkanilaumu. Bibi anasema asije mtu na cherehani. Kofia ya Hamza ya harusi ni ya mkono. Duara ya juu keshaimaliza, bado ukingo. Anayetaka kujifunza vito, yale matundu ya kofia, aje na sindano nyembamba kabisa, subana ya kukinga kidole inayomkaa kidole cha kati, na macho yake.

Da Salma (Maskati): Macho sina tena Bibi, nakuja na miwani.

Hamza: Bibi nashukuru sana, lakini msiumie kwa ajili yangu. Kariakoo kofia zimejaa, nzuri tu.

Shangazi Rukia: Hamza.

Mwanakheri Mombasa: Hamzaaa 😳

Da Salma (Maskati): Wewe kijana kimbia kabla Bibi hajasomewa hiyo.

*Ujumbe huu umefutwa*

Simu ya Bibi: Nimeshamsomea.

Simu ya Bibi: Bibi anasema za Kariakoo ni za mashine na yeye hana ugomvi nazo, za kwendea sokoni. Mjukuu wake hafungi nikaha na kofia ya sokoni.

Da Salma (Maskati): Huku Hamza, kofia wanaiita kumma, na wazee wenyewe husema asili yake Zanzibar. Kuna wanawake wanashona majumbani kwa mkono, moja inachukua miezi. Pale soko la Matrah ya mashine unanunua huku unaongea na simu. Ya mkono unauliza bei mara mbili, unadhani hukusikia vizuri.

Asha Dar: Kwani inashonwaje hasa? Mimi nazijua kwa kuziona tu.

Simu ya Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:10)

Simu ya Bibi: Kwa wenye bando dogo naandika. Kitambaa ni bafta, ile pamba nyeupe nyembamba, tabaka mbili. Inachorwa kwanza kwa penseli. Halafu unaufuata mchoro kwa mshono wa kurudi nyuma, mishono midogo midogo, na kila mchoro una mistari miwili inayokwenda sambamba. Baina ya mistari hiyo unapenyeza nyuzi nene za pamba, hapo ndipo kofia inapopata nguvu ya kusimama. Vito mwisho. Unatoboa tundu kwa sindano nene, hukati kitu, unazisukuma tu nyuzi za kitambaa kando, kisha unazungushia uzi pembeni mwa tundu mpaka linabaki wazi duara. Mkasi hauingii hapo kabisa. Ukikata, kofia ikifuliwa mara ya pili tundu linakuwa donda.

Simu ya Bibi: Halafu anasema kichwa kinapata upepo kwenye vito, si mapambo tu.

Asha Dar: Mashallah. Nataka nijifunze hiyo hata kama nitamaliza na kito kimoja.

Da Salma (Maskati): Nina wazo! Kila mmoja wetu atie kito chake kwenye kofia ya Hamza. Iwe ukumbusho.

Hamza: 😍 Hii nimeipenda

Simu ya Bibi: Bibi anasema hapana.

Da Salma (Maskati): Kimoja tu Bibi!

Simu ya Bibi: Anasema mkono wa mtu unaonekana. Mmoja hukaza, mwingine hulegeza, na anayejua kofia akiiona tu atauliza nani kaichezea. Kofia si daftari la wageni la kutia saini.

Mwanakheri Mombasa: 😂 kesi imekwisha

Shangazi Rukia: Mama, wape kazi ya kupenyeza nyuzi za ndani basi. Huko mkono hauonekani, zinafunikwa.

Simu ya Bibi: Kanyamaza.

Simu ya Bibi: Anakunywa chai.

Simu ya Bibi: Kasema sawa. Nyuzi za ndani, tena aliyeosha mikono na hajashika embe. Na vito mtajifunzia kwenye kipande cha bafta pembeni. Atakayetoa vizuri ataonekana.

*Alhamisi*

Ami Faki: Sasa mie nauliza. Watu wazima mnavuka bahari, mnafika Pemba, mnakaa barazani mmeinamia kitambaa. Hiyo likizo gani?

Asha Dar: Ami, na wewe alasiri pale pwani unafanya nini na ile sindano ya mbao?

Ami Faki: Nafuma nyavu. Ile ni kazi.

Simu ya Bibi: Zuwena hapa. Jana nyavu zake zote zilikuwa nzima. Kakaa mpaka magharibi anafuma kipande kipya huku anasikiliza mpira redioni, na kile kibao chake cha kupimia macho ya wavu. Nilimpelekea kahawa akasema asisumbuliwe.

Da Salma (Maskati): 😂😂😂😂

Mwanakheri Mombasa: Kumbe mwenzetu!!

Ami Faki: Zuwena, kahawa yako leo utakunywa mwenyewe.

Hamza: Na mafundi cherehani wote ninaowajua mimi wanaume, Ami usione haya.

Mwanakheri Mombasa: Haya, nami niseme yangu. Nimeshuka Biashara Street leo, nimechukua leso za sare. Duka la Mali ya Abdulla, wale wa alama ya K.H.E., lipo tangu 1887 na bado waingia watoka na kitu. Jina la leso: MCHEZA KWAO HUTUZWA. Na kisutu kimoja cha bibi harusi, nyekundu, nyeupe na nyeusi, kile cha kizamani hasa. Doti zote hazijakatwa. Nipinde huku au tupinde wote Wete?

Shangazi Rukia: Lete hivyo hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya barazani, hata mtoto anaweza na mdomo ukawa unapiga soga.

Asha Dar: Tufue kwanza au tupinde kwanza?

Shangazi Rukia: Pinda kwanza. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, inakaa ngumu, pindo linakunjika lenyewe kwa kucha bila pasi. Ukishafua inalainika, inakukimbia mkononi. Ila kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, msikate kwa jicho. Nimeona kanga za watu zimekwenda upande mpaka maandishi yanashuka mlima.

Mwanakheri Mombasa: Halafu ndoo ya chumvi usiku kucha rangi ishike.

Asha Dar: Da Mwanakheri, chumvi husaidia wakati kitambaa kinatiwa rangi kiwandani. Rangi ikishaingia, chumvi ya ndoo haiizuii kutoka. Fua peke yake, maji baridi, suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini. Basi.

Mwanakheri Mombasa: Mamangu katia chumvi miaka yote na leso zake hazikuchuja.

Asha Dar: Kwa sababu alizifua peke yake 😄

Simu ya Bibi: Bibi anasema yeye hutia chumvi.

Asha Dar: Sawa Bibi 🙏🏾 tutatia chumvi.

Da Salma (Maskati): Watoto wangu niwape nini cha kufanya? Mkubwa anataka kushona, mdogo anataka kuchoma watu na sindano.

Simu ya Bibi: Mimi Zuwena nitawafundisha mito ya kuchomekea sindano. Sufi ipo gunia zima ndani. Vipande vya kanga, miraba miwili, unashona pande tatu, unashindilia sufi mpaka iwe ngumu, unafunga. Mdogo yeye ashindilie.

Da Salma (Maskati): Alhamdulillah. Na kwenye ndege je? Mkasi wangu wa kukatia nguo ni mrefu.

Asha Dar: Huo tia kwenye begi la kupakia chini. Mkononi baki na sindano na kile kikasi kidogo cha nyuzi. Viwanja vingi vinakubali makali yasiyozidi sentimita 6, lakini neno la mwisho ni la mkaguzi, kwa hiyo usipande na mkasi utakaoulilia.

Shangazi Rukia: Na sindano zenu msizitupe tupu kwenye mkoba. Hewa ya chumvi pale, siku chache zimeshika kutu, na sindano yenye kutu inatia doa kwenye bafta nyeupe. Kipande cha fulana, matone mawili ya mafuta ya cherehani, zichomeke humo. Kabla ya kushona zifute vizuri. Ikianza kugoma, ipitishe kwenye nywele, itateleza.

Hamza: Mimi nimenyimwa kazi yoyote?

Mwanakheri Mombasa: Wewe utatunga uzi kwa wenye miwani. Na uzi usizidi urefu wa mkono toka kiwiko, ukiwa mrefu wajifunga mafundo.

Shangazi Rukia: Jambo moja nalisema mapema. Siku ya kwenda ufukwe wa Vumawimbi hakuna sindano. Ikidondoka mchangani mtoto ataiokota kwa unyayo. Siku hiyo kuogelea, kula, kulala.

Ami Faki: Hatimaye mtu mwenye akili.

Da Salma (Maskati): Kufuma kwa kroshia je? Ile haichomi mtu.

Shangazi Rukia: Kroshia ruhusa.

Ami Faki: Basi na mie nakuja na wavu wangu.

Simu ya Bibi: Bibi anauliza Hamza kichwa chake kipimo gani. Anaanza ukingo kesho baada ya alfajiri.

Hamza: Sina futi ya fundi hapa. Nimezungusha waya wa chaji nikapima kwa rula. 59.

Asha Dar: Waya haupindi vizuri Hamza. Tumia uzi, upitishe juu ya masikio na katikati ya kipaji, usivute.

Hamza: 57 na nusu.

Simu ya Bibi: Bibi anauliza umenyoa?

Hamza: Bado.

Simu ya Bibi: Anasema kanyoe, halafu upime tena. Na upime mwenyewe, usimwachie kinyozi.