Tumelipia chumba cha Carole Lombard, ukutani tukakuta mwanamke mwingine

Wakuu, tangu Jumapili hasira haijanishuka, acha niiweke hapa.

Tunaishi Phoenix. Mama Neema anapenda mno sinema za zamani, na kipenzi chake ni Carole Lombard, mchekeshaji wa miaka ya 1930. Tulipotimiza miaka 15 ya ndoa nikamtafutia nyumba ya wageni humu humu Arizona yenye chumba kilichopewa jina lake. Chumba kikubwa, kina sebule yake, dola 260 kwa usiku, na unalipa zote kabla. Tangazo lilisema kila kilichomo kinamhusu yeye na sinema zake zipo za kuangalia. Nikasema hapa ndipo, maana Lombard na mwigizaji mwenzake Clark Gable walifunga ndoa Kingman, Arizona hii hii, tarehe 29 Machi 1939.

Tunafungua mlango, juu ya kitanda kuna picha kubwa ya mwanamke mwenye nywele nyeupe kama pamba na nyusi nyembamba kama uzi. Mke wangu hata begi hajalitua: "Baba Neema, huyu siye. Huyu ni Jean Harlow."

Karibu na mlango wa bafu kuna nyingine, Gable amemkumbatia huyo huyo Harlow, chini wameandika "Clark na Carole, fungate". Jamani! Harlow, naye mwigizaji wa zama hizo, alifariki Juni 1937 akiwa na miaka 26, karibu miaka miwili kabla ya hiyo harusi. Alicheza filamu na Gable, basi. Hawa ni wanawake wawili, kila mmoja na msiba wake, wamechanganywa kwa sababu ya rangi ya nywele.

Picha ningezimeza. Lakini juu ya kitanda, kwenye dari, wamening'iniza ndege ndogo ya bati kwa uzi wa kuvulia samaki, ubavuni imeandikwa TWA. Feni ikiwaka inazunguka taratibu juu ya mito.

Kwa msiojua, Lombard alikufa kwa ajali ya ndege ya TWA, shirika la ndege la Marekani la enzi hizo, tarehe 16 Januari 1942, iliyogonga mlima Potosi, Nevada, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Las Vegas. Alikuwa na miaka 33. Alitoka Indianapolis kuuza hati fungani za vita, yaani watu kuikopesha serikali pesa za vita, na kwa siku moja tu huko zilipatikana zaidi ya dola milioni 2. Walikufa watu wote 22, akiwemo mama yake mzazi na marubani 15 wa jeshi. Sasa mtu anachukua kifo hicho anakifanya pambo la chumba cha kulala! Huyu dada aliishi kwa kuchekesha watu, na chumba kizima hakina kicheko chake hata kimoja.

Mke wangu alishindwa kulala. Saa saba usiku nikapanda kiti, nikaifungua ile ndege, nikaifunga kwenye taulo na kuiweka kabatini.

Na hizo sinema? Droo ina kasha moja tu, la "My Man Godfrey", ile iliyomfanya apendekezwe kwa tuzo ya Oscar. Nafungua, diski hakuna, kuna risiti ya piza.

Asubuhi kijana wa mapokezi ananiambia wageni wengi hawaoni tofauti. Meneja akaja, badala ya pole akatuongezea dola 25 za "kugusa mapambo" na kutuahidi punguzo tukirudi. Turudi kufanya nini?

Nimeshapeleka malalamiko benki ili nirudishiwe pesa yangu, na picha za chumba ninazo zote. Wao wanajibu kwamba tumelala humo, kwa hiyo huduma tumepata. Nani humu amewahi kudai kwenye kadi baada ya kulala hotelini akafanikiwa? Ulitumia ushahidi gani, na ilichukua muda gani?