Tupeane uzoefu: tunaoendesha kampeni za mashujaa, meza zaidi ya moja ndani ya dunia moja

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za wikiendi. Tunaocheza hii michezo ya mezani ya kuigiza, ambapo kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi, mwendeshaji anasimulia dunia na dadu inaamua jambo likifaulu au la, bado ni wachache, lakini tupo. Leo naomba tuongee jambo moja tu: kuendesha kampeni mbili au tatu, yaani hadithi ndefu zinazoendelea kikao hadi kikao, za mashujaa wenye nguvu za ajabu wanaoishi dunia moja, kiasi kwamba meza hii (kundi hili la wachezaji) ikifanya jambo, meza ile inalikuta gazetini.

Naanza mimi. Nilikuwa na meza mbili, zote kwenye Dar yetu ya kubuni. Ijumaa usiku walicheza wenzangu wa kazini, Jumapili mchana wadogo zangu na rafiki zao. Adui mkuu mmoja. Ijumaa moja mpambano ukahamia Daraja la Kigamboni. Mchezaji mwenye nguvu za sumaku akaona kikosi cha adui kinavuka na hakuna wa kukizuia, akasema anakata nyaya zinazobeba daraja. Dadu ikakubali. Katika zile mita 680, kipande cha katikati chote kikaingia majini. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Jumapili nikasahau. Binti mmoja akasema anachukua bajaji, anavuka daraja kumtafuta shahidi Kigamboni. Nikamjibu, "Sawa, umefika." Mdogo wangu alishasikia habari za Ijumaa. Akaniangalia, akauliza taratibu, "Kaka, si daraja limeanguka?"

Ningeweza kusema limeshatengenezwa. Lakini niliziona nyuso zao. Daraja likiweza kujirudishia lenyewe ndani ya siku mbili, basi walichofanya watu wa Ijumaa hakikuwa na uzito, na watakachofanya hawa hakitakuwa nao pia. Nikaomba radhi, tukarudi nyuma. Binti akapanda kivuko pale Magogoni. Kimejaa, jua kali, kila abiria anawalaani mashujaa. Mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua akagoma kumuuzia: "Ninyi ndio mmenitoa kwenye daraja, leo nimechelewa wateja wangu wote." Yule binti alikaa kimya karibu dakika nzima, halafu akasema shujaa wake anambebea mama ndoo mpaka sokoni. Hatukurusha dadu hata moja kwa nusu saa. Hakuna kikao nilichowahi kukipenda kama kile.

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Kila ukurasa una safu tatu: tarehe ya ndani ya mchezo, kilichotokea, na nani anakijua. Hiyo ya tatu msiidharau. Mashujaa wanaficha majina yao, na siri ikivuja meza moja lazima ujue imeishia masikioni mwa nani kabla meza ya pili haijakaa.

Leteni za kwenu.

Mdau, Nairobi

Asante kwa mada, kaka. Mimi naendesha Masks, ule mchezo wa 2016 ambao mashujaa wote ni vijana. Dadu mbili za pande sita, basi. Ukipigwa hupungukiwi damu. Unaandika hali: woga, hasira, hatia, kukata tamaa au kutojiamini. Na mtu mzima akikwambia wewe ni mtu wa aina gani, maneno yake yanaweza kubadilisha namba kwenye karatasi yako, moja ikapanda na nyingine ikashuka. Aliyelelewa na shangazi mkali hahitaji kuelezwa kanuni hiyo mara mbili.

Kwa hiyo dunia ya pamoja kwangu ilikuja yenyewe: watu wazima wanaowasema vijana wangu ni mashujaa wa meza ya rafiki yangu. Ilikuwa tamu sana, hadi siku alipomchukua shujaa wa mchezaji wangu, akamwingiza kwenye kikao chake na kumfanya msaliti. Aliwauza wenzake kwa pesa. Hakuniuliza, wala hakumuuliza mwenye mhusika.

Mchezaji wangu aliisikia kwa watu wengine. Alikuwa amekaa na mhusika huyo mwaka mmoja na nusu, akamchora, akamwandikia barua za mama yake. Alikuja kikao kilichofuata, akaweka karatasi mezani kifudifudi, akasema, "Huyu si wangu tena." Hakurudi. Nilimpigia simu mara nyingi. Bado inaniuma.

Tangu hapo sheria yetu ni moja: mhusika ni wa mchezaji, si wa dunia. Unataka kumwazima, unaomba, unaeleza atasema nini na atafanya nini, na mwenyewe akikataa hakuna mjadala.

Mdau, Columbus, Ohio

Dada, pole sana. Hilo la kila mmoja kuwa na wahusika wake ndani ya dunia moja lina historia ndefu. Nilifika huku mwaka 1994, wenzangu wa bwenini wakaniingiza kwenye Champions, mchezo wa tangu 1981. Zamu moja kamili ya mapigano imegawanywa vipande 12, na kasi yako ndiyo inaamua unatenda katika vipande vipi. Hapo ndipo niliposimuliwa habari za George R. R. Martin na waandishi wenzake wa New Mexico. Mwaka 1983 alipewa Superworld, mchezo mwingine wa mashujaa, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, wakaicheza mpaka kazi za uandishi zikaanza kulala. Mwishowe wakaona wawatumie wahusika wale kuandika hadithi. Juzuu ya kwanza ya Wild Cards ikatoka 1987: waandishi wengi, dunia moja, kila mmoja na wahusika wake.

Nawaambia vijana wangu wa hapa, watoto wa Kitanzania na wa Kikongo tunaokutana kila baada ya wiki mbili: meza ile ilikuwa ya watu waliozozana na kucheka kama sisi.

Mdau, Mwanza

Mimi nitaongelea kuunganisha meza, maana kila mtu anaitamani siku hiyo na wengi inatushinda.

Tunatumia mchezo wa Mutants & Masterminds. Kawaida unaanza na kiwango cha nguvu cha 10, pointi 150 za kumjengea shujaa wako. Meza yangu ya kwanza ilishapanda hadi 12, ya pili bado 10. Nikawakutanisha sebuleni kwangu, watu tisa, pilau imepikwa. Saa nne za mchezo zikatoa mizunguko mitatu ya mapigano. Mzunguko mmoja, zaidi ya saa nzima! Wa kiwango cha 10 wanarusha dadu, adui hatikisiki, wanarudi kwenye simu zao. Dogo mmoja alilala kwenye kochi akiwa ameshika dadu mkononi.

Mara ya pili niliwapanga kwa kazi, si kwa nguvu. Adui alikuwa sehemu tatu kwa wakati mmoja: bandarini, hospitali, na kwenye mitambo ya umeme. Kila sehemu watu watatu, wakichanganyika wa meza zote mbili. Kwa kila sehemu nilitumia dakika kumi na tano nikiangalia saa, nikikata pale pabaya kabisa na kuhamia sehemu nyingine. Walio hospitali walihitaji umeme, na umeme ulikuwa mikononi mwa wenzao. Basi hata asiye na zamu alikuwa amesimama, anasikiliza. Wa kiwango cha 10 ndio waliomaliza mchezo, kwa sababu mlango wa mitambo ulihitaji mtu wa kuongea na mlinzi, si wa kuubomoa.

Mdau, Tanga

Wakuu mimi mgeni kwenye haya. Muda mnaupangaje? Meza yangu moja imecheza siku tatu za ndani ya mchezo kwa miezi miwili, nyingine imeshapita Ramadhani na Idi.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Karibu sana, mkuu. Mimi kikao kikiisha, wiki ya kweli ikipita, inapita wiki ndani ya mchezo kwa meza zote. Ikibidi kuacha mpambano katikati, meza hiyo inasimama ilipo na ile nyingine haigusi mtaa huo mpaka wamalize. Naandika kwa penseli pembeni ya kaunta buku: "Temeke imefungwa."

Dada wa Nairobi, nimesoma habari ya mchezaji wako mara mbili. Sisi daraja tulilijenga polepole, miezi kumi na minne ya mchezo, na watu wa Ijumaa walichangia nguvu zao kwenye kazi. Mwaka jana nilianzisha meza ya tatu, watoto wa mtaani kwetu. Nikawafungulia siku ya uzinduzi, wamesimama kwenye kizuizi cha daraja jipya. Mmoja akauliza kama kuna kitu kimeandikwa kwenye bati la ukumbusho. Nikafungua kaunta buku, nikamsomea majina. La mwisho lilikuwa la mama wa vitumbua.