Mbegu za mtama zinafika mvua ikiwa nusu, halafu tunaambiwa bajeti ya kilimo imepanda!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Niko Chamwino, nalima mtama na alizeti.

Dodoma tuna msimu mmoja tu. Mvua inaanza Desemba, Aprili imekwisha, na mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi. Tena Februari huwa inakatika, jua linawaka wiki mbili tatu. Usipopanda na mvua za kwanza, umekula wa chuya.

Sasa msimu huu mbegu za ruzuku zimefika kwa wakala wa pembejeo mwishoni mwa Januari. Januari jamani! Watu wazima wamesimama foleni juani, simu mkononi, wanasubiri namba ya usajili na mtandao haushiki. Mama mmoja mbele yangu alipofika dirishani akaambiwa mtama umeisha, yamebaki mahindi, achukue hayo. Mahindi, kwenye kijiji kinachoishi kwa mtama na uwele! Akachukua, angefanyaje? Yatanyauka hata mbelewele hayajatoa, na ugali wa wanawe utatoka dukani.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka 2024/25 ikavuka trilioni 1.2. Sipingi hata kidogo, na wala sina ugomvi na mashamba ya vijana kule Chinangali. Ila fedha imepanda mara nne, mfuko wa kilo mbili za mbegu unashindwaje kufika Chamwino Oktoba, wakati Ikulu yenyewe iko hapa hapa?

Na kudharau mvua ya huku hakujaanza leo. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, mamilioni ya pauni. Mvua haikutosha, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, 1951 wakaachana na mradi. Mgogo aliyekuwa analima uwele pale pale angewaambia mapema, kama wangemuuliza.

Ninachotaka ni kidogo. Mbegu ziwe kijijini Oktoba, mtama na uwele kwanza. Idadi ya mifuko iliyoletwa ibandikwe ofisi ya kijiji, tujue iliyoisha imeishia kwa nani.

Wa Bahi, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, kwenu zilifika lini? Wekeni tarehe hapa, na mlipewa mbegu gani.