Ushauri: "thabiti" au "dhabiti" kwenye kaburi la baba?

BintiMuheza
Shikamooni wakubwa. Jumamosi tunajengea kaburi la baba na fundi wa marumaru anataka maneno leo jioni. Chini ya jina na tarehe tutaweka mstari mmoja: "Alisimama thabiti." Kaka yangu yuko Nairobi, anasema ni "dhabiti", ndivyo anavyosoma magazetini huko. Shangazi anataka "imara".

Baba alikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana miaka 19. Sanduku la bati la kijani lilikaa chini ya kitanda chake. Mwaka niliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada nilimkuta amekaa kitandani, visigino vimegusa lile sanduku. Hakulifungua. Kesho yake aliuza baiskeli. Neno lipi linamfaa mtu huyu?

Mwalimu Mstaafu
Pole sana mwanangu. Yote mawili ni Kiswahili, yote asili yake Kiarabu, ila hayakuzaliwa nyumba moja. Thabiti yuko na thibiti, thibitisha, uthibitisho: jambo limekaa mahali pake, halisogei. Dhabiti yuko na dhibiti na madhubuti, yaani kushika barabara, kuzuia kisiponyoke. Kwa hiyo kaka yako hajakosea, na ukimwazia baba kama mshika fedha, dhabiti linamgusa kabisa. Lakini wewe umeandika "alisimama". Anayesimama bila kuyumba ni thabiti. Msimamo thabiti, imani thabiti. Mimi ningeliacha hivyo hivyo.

Mama Wawili
Poleni wafiwa. Imara ni zuri, ila mimi nalisikia zaidi kwenye nguvu: daraja imara, afya imara. Mtu anaweza kuwa imara wa mwili na ahadi zake zikayumba. Na akitokea wa kupendekeza "kidete", mkatalie. Kusimama kidete kunataka mpinzani mbele yako, na baba yako hapo kitandani alikuwa peke yake.

Mpwani
Mungu awape subira. Huku Unguja Thabit ni jina la mtu, kwa hiyo sikio langu liko upande wako. Nisisitize moja tu: usimtajie fundi kwa simu. Wengi hutamka "sabiti", naye atachonga alichosikia. Mwandikie kwa herufi kubwa. Wala asikuongezee kiambishi akaweka "mthabiti". Mtu thabiti, watu thabiti, neno halibadiliki.

BintiMuheza
Ahsanteni sana, nimesoma nikalia. Kaka amekubali baada ya kumsomea maelezo ya mwalimu. Nimekwenda mwenyewe kwa fundi na karatasi ya daftari, THABITI kwa kalamu nene, ameibandika ukutani juu ya msumeno wake. Shangazi nimemwahidi imara yake itasomwa kwenye wasifu, aya ya kwanza, pale kwenye habari za ile baiskeli.