Naomba ushauri: kiapo cha mjumbe wa mtaa, sitaki kuapa

Habari zenu wakuu. Nimechaguliwa mjumbe wa serikali ya mtaa, Jumatatu tunaapishwa mbele ya hakimu. Karatasi ya kiapo inaishia "Ee Mwenyezi Mungu nisaidie". Mimi Mkristo, ila Mathayo 5:34 naishika kama ilivyo: "Msiape kabisa."

Nimemwona mtendaji, akacheka: "Shika Biblia kama wenzako, dakika moja tu." Kwangu si dakika moja.

Sheria ya Viapo, Sura ya 34, kifungu cha 4, inamruhusu shahidi ambaye imani yake inakataza kiapo atoe uthibitisho (ahadi rasmi isiyo kiapo) badala yake. Lakini hiyo ni mahakamani.

Je, na sisi wa mtaa tunaruhusiwa kuthibitisha? Na niandike barua mapema, au nimwambie hakimu palepale?