Ulinganisho: sanduku la zana kwa gereji ya nyumbani, la dukani, la kuchomelewa, la plastiki au kabati la mafaili?

Bahari_Karibu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Ninaishi Kigamboni, si mbali na ufukwe, na banda la gari lililoezekwa kwa bati ndilo gereji yangu ya nyumbani. Zana zangu zimekuwa nyingi: spana za milimita 8 hadi 32, soketi za nusu inchi, nyundo, koleo, bisibisi, drili, grinda ndogo na jeki mbili. Zimelala kwenye ndoo na makatoni, na kutafuta spana ya 13 kunachukua muda mrefu kuliko kufungua nati yenyewe. Nimezipima zote, jeki zikiwa pembeni, zikafika karibu kilo 70. Bajeti yangu ni laki nne, na naweza kuongeza kidogo nikiona sababu ya kufanya hivyo.

Baada ya kuzunguka Kariakoo na Gerezani nimebaki na njia nne. Ya kwanza ni sanduku la chuma la dukani lenye droo na magurudumu, lililopakwa rangi nzuri na lenye funguo zake. Ya pili ni kumpa fundi wa kuchomelea achonge kwa vipimo vyangu. Ya tatu ni masanduku ya plastiki yanayopandana, ambayo kampuni kama Stanley, Total na Ingco huyatengeneza. Ya nne, ambayo sikuifikiria mwanzoni, ni kabati la mafaili lililotumika, lile la chuma lenye droo nne ambalo ofisi huliuza zinapobadilisha samani. Ninachotaka ni kitu kitakachodumu bila droo kukwama na bila kutu kuninyang'anya zana. Uzuri wa sura si hoja kwangu.

Fundi_Bati

Ndugu yangu, umefanya jambo la maana kupima zana zako kwanza, kwa sababu watu wengi huhesabu droo na kusahau kuuliza kila droo itabeba kilo ngapi. Mimi ninachomelea, kwa hiyo unaweza kusema ninavutia kwangu, lakini vipimo nitakavyokupa utavihakiki mwenyewe kwa mizani na rula.

Anza na unene wa bati. Wauzaji hutaja geji, na geji inapopanda namba, bati linakuwa jembamba: geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2, geji 20 ni kama 0.9, na geji 22 iko chini kidogo ya 0.8. Tofauti hizo zinaonekana ndogo machoni, ila ugumu wa bati bapa dhidi ya kupinda huongezeka kwa mchemraba wa unene wake, yaani bati la 1.2 ni gumu zaidi ya mara tatu kuliko la 0.8. Ndiyo maana sanduku moja linatulia ukilisukuma likiwa limejaa, na jingine linayumba hadi droo zinakataa kufunga. Masanduku mengi ya bei nafuu dukani yametengenezwa kwa bati jembamba ambalo rangi nene inalificha. Usibishane na muuzaji, omba mizani. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85, kwa hiyo ukipima urefu, upana na kina cha sanduku tupu unaweza kukisia unene wake bila kukwaruza chochote. Na ukienda kununua bati la kumpelekea fundi, karatasi ya futi 4 kwa 8 ya milimita 1.2 inapaswa kuwa na karibu kilo 28, na ya milimita 1 karibu kilo 23. Ikipungua sana hapo, umeuziwa unene ambao haupo.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linaloamua yote, ni reli za droo. Zipo zile ambazo bati linateleza juu ya bati, au zenye kigurudumu kidogo cha plastiki, na zipo zenye gololi. Kwa spana na soketi usikubali chochote pungufu ya reli za gololi za vipande vitatu, ambazo huivuta droo nje yote hadi unaona kilichojificha nyuma. Zile zenye upana wa milimita 45 hutajwa mara nyingi kubeba kilo 35 hadi 45 kwa jozi, lakini uzito huo ni kwa mzigo uliosambazwa vizuri, kwa hiyo mimi huhesabu nusu yake. Kilo zako 70 zikigawanywa kwenye droo nne, uko salama.

Ukija kwa fundi, angalia kama anajua nafasi ya reli. Kila upande wa reli hizi hula karibu milimita 12.7, hivyo droo lazima iwe nyembamba kuliko uwazi wa sanduku kwa karibu milimita 26. Nafasi hiyo ikizidi kwa milimita mbili tatu, gololi zinachezacheza na reli inaachia katikati ya mzigo. Ikipungua, droo inabana na utaivuta kwa mguu. Fundi anayechomelea fremu kwanza kisha akaanza kukata droo kwa kukadiria kwa macho atakupa droo nne zenye tabia nne. Mwambie anunue reli kwanza, azishike mkononi, ndipo akate.

Kamukunji_Mtaani

Nakubaliana na Fundi_Bati kuhusu reli, lakini suala la unene nataka kulipinga kidogo, kwa sababu linaweza kumfanya mwenzetu alipe zaidi bila faida. Sisi huku Nairobi tumekua na masanduku ya bati ya Kamukunji ambayo wanafunzi huenda nayo shule za bweni. Bati lake ni jembamba sana, lakini kingo zimekunjwa na pande zimetiwa migongo, na sanduku hilo hukaliwa, hurushwa juu ya basi na bado hufungika. Ugumu haukai kwenye unene peke yake. Unakaa pia kwenye mikunjo. Bati la milimita 0.9 lililokunjwa ukingo mara mbili kwa mashine litalishinda bati bapa la 1.2 lililounganishwa kwa nukta za kuchomelea kwenye pembe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni kama ana mashine ya kukunja bati au anajua mwenzake wa kumkunjia. Wengi hawana, ila huwa wanajua nani anayo, na kazi ya kukunja karatasi moja haichukui muda. Pia joto la kuchomelea hulipinda bati jembamba, na droo iliyopinda kitako haitakaa sawa hata ukiiwekea reli bora kuliko zote. Kwenye droo, mikunjo na ribiti ni bora kuliko kuchomelea mstari mzima.

Dereva_wa_Tanga

Naona kabati la mafaili limepitwa haraka, na mimi nalitetea kwa moyo wote, kwa sababu ndilo ninalolitumia. Kabati la zamani la ofisini lilitengenezwa kubeba karatasi, na karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Droo iliyojaa mafaili hufika kilo 30 na zaidi kwa urahisi. Reli zake ni za gololi, droo inatoka yote, na bei yake kwenye minada ya samani za ofisi mara nyingi iko chini ya bei ya reli mpya na bati peke yake.

Udhaifu wake ni kina cha droo. Kila moja ina kimo cha karibu sentimita 25 hadi 30, kwa hiyo ukimwaga spana humo zitalundikana na utarudi kwenye shida ya ndoo. Droo za chini ni nzuri kwa drili, grinda, nyundo na makopo ya mafuta. Kwa zile za juu niliweka sinia za bati zinazokalia kingo za droo, moja inateleza juu ya nyingine, spana juu, soketi chini yake.

Hatari ambayo lazima niiseme wazi ni kuanguka. Kabati hili ni refu na jembamba, na ukifungua droo mbili za juu zenye chuma kwa pamoja linakuja mbele lote. La kwangu lilinijia hivyo nikalizuia kwa bega, na mtoto asingeliweza. Baadhi ya makabati yana kizuizi kinachokataza droo ya pili kufunguka wakati ya kwanza iko nje. Jaribu hilo kabla ya kulipa. Hata kikiwepo, weka vizito chini na ulifunge ukutani kwa boliti mbili.

Mama_Gereji

Wenzangu mmesema mengi ya chuma, na mwenye mada ametaja bahari ambayo hakuna aliyeigusa bado. Mimi ninafanya kazi Mombasa, na ninawaambia kwamba huku pwani sanduku haliuawi na uzito, linauawa na chumvi. Chumvi inayobebwa na upepo ikitulia juu ya chuma huvuta unyevu wa hewani, na chuma huanza kuoza bila tone la mvua kukigusa. Rangi ya unga inayopakwa kiwandani ni nzuri sana mpaka siku inapokwaruzwa. Baada ya hapo kutu hutambaa chini yake, na utaiona tu rangi inapoinuka kama ngozi iliyoungua. Rangi ya mafuta ya fundi ni laini zaidi, lakini unaweza kuirudishia mwenyewe kwa brashi kila inapochubuka.

Ukichagua la kuchomelewa, simamia rangi kuliko unavyosimamia kuchomelea. Chuma kisuguliwe, kifutwe mafuta, kipakwe praima ya kuzuia kutu ndani na nje, hasa ndani ya mikunjo ambamo brashi haifiki kirahisi, na kipakwe kabla droo hazijafungwa. Mafundi wengi hupaka nje tu kwa kuwa ndipo mteja anapoangalia. Ukitaka bati la mabati yenye zinki, jua kwamba zinki huungua pale linapochomelewa, na moshi wake humletea fundi homa. Lazima aisugue kwanza sehemu ya kuchomelea, kisha airudishie kinga kwa rangi.

Usitandike katoni ndani ya droo. Katoni hunyonya unyevu na kuushikilia chini ya spana, na utazikuta zimechorwa kutu upande mmoja. Tandika mpira wenye matundu. Na sanduku lisikalie sakafu ya saruji moja kwa moja, kwa sababu saruji hupandisha unyevu. Magurudumu au miguu ya kimo cha sentimita 10 inatosha.

Kuhusu plastiki, haiozi, na kwa anayebeba zana kwenda kwa wateja siwezi kumshauri kingine. Ila chini ya paa la bati lenye joto, masanduku yaliyopangwa matatu kwenda juu na kujazwa spana huanza kupinda mbavu, komeo huvunjika kwanza, na mwizi hahitaji kufungua chochote, analibeba lote.

Seremala_wa_Keko

Kwa ufupi tu: juu ya sanduku lolote la chuma weka ubao wa mninga wa unene wa inchi moja na nusu. Mchwa hauupendi, hautelezeshi zana kama bati linavyofanya, na utapata meza ya kufanyia kazi kwa gharama ndogo. Upake mafuta upande wa chini pia, la sivyo utajikunja.

Bahari_Karibu (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Kabati la mafaili limenivutia, lakini nina watoto wadogo na ukuta wa banda langu ni wa matofali ya saruji yenye tundu, nao sina imani na boliti ndani yake. Naelekea kwa fundi: upana sentimita 70, kina 45, kimo 90, droo tatu za kimo cha sentimita 10 juu, moja ya 20, na chini uwazi wenye mlango kwa ajili ya drili na jeki. Bati la 1.2 kwa mwili, la milimita 1 kwa droo, kingo zote zimekunjwa. Nimebaki na maswali mawili. Karatasi mbili za bati zitatosha? Na kufuli niliweke vipi bila kununua funguo za kila droo?

Fundi_Bati

Zitatosha, moja kwa mwili na moja kwa droo, mradi mchoro upangwe kwenye karatasi kabla ya kukata, maana mikunjo ya kingo hula bati. Mlango wa chini unaweza kutoka kwenye mabaki. Kamukunji_Mtaani amesema kweli kuhusu mikunjo, kwa hiyo ukikosa bati la 1.2 lenye uzito halali, chukua geji 20 na umsisitize fundi akunje ukingo mara mbili.

Kwa kufuli, usitoboe droo hata moja. Chukua chuma cha pembe cha inchi moja, kirefu kama kimo cha droo zote, ukifunge kwa bawaba upande mmoja wa uso wa sanduku ili kikifungwa kilalie ncha za droo zote nne kwa pamoja. Weka kipete cha kufuli juu na kingine chini, maana kikiwa kimoja katikati, mtu ataingiza mtaimbo kwenye ncha ya chuma hicho na kukikunja. Pini za bawaba zichomelewe ncha zote mbili zisiweze kutolewa. Na magurudumu yawe ya inchi 5, mawili ya mbele yenye breki, yafungwe kwa boliti kwenye sahani za chuma za milimita 3, kwa sababu hapo ndipo kilo zote zitakapokaa, pamoja na jeki zako.